Sikufua Dafu

Msimu ule wa ubingwa sikuuona.
Niliusoma kwenye jezi,
chini ya jukwaa la mashariki, hapo Ashtabula,
mashine nne za kufulia, moja mbovu,
na bomba lenye kikohozi kisichopona.

Septemba ilikuwa nyasi.
Kijani magotini, kijani viwikoni,
tumefungwa mara mbili, mji mzima umenuna.
Kwa Hruska muuza mikate
wachezaji wetu walilipishwa bei kamili.

Oktoba, tope.
Ezell Broadnax, yule mkimbiaji
waliyemcheka aliposhuka kwenye treni na mfuko wa karatasi,
alileta jezi safi kifuani,
tope tupu mgongoni.
Nikajua hawampati ila kwa nyuma,
wakiwa wameshachelewa.
Wembamba wa reli, nikasema moyoni,
nikamwongezea kitambaa kwenye mabega.

Novemba, damu.
Damu hufuliwa kwa maji baridi;
ukiitia moto, imehamia hapo.
Dewitt Pruett, mrushaji mwenyewe, alishuka ngazi usiku
kaficha vidole viwili vilivyovunjika,
jezi kaikunja kama barua.
"Irma, ikitoka, usimwambie mtu."
Ikatoka.
Sikumwambia mtu.
Sasa nakwambia wewe.

Lakini namba hamsini na tatu
haikuwa na nyasi wala tope wala damu.
Ilikuwa na rangi za helmeti za watu:
nyekundu ya Toledo, buluu ya Scranton,
manjano ya wale wa kusini waliotukana sana,
zimesagwa ndani ya uzi, begani na shingoni.
Nililoweka. Nikasugua kwa brashi ya viatu.
Nilifua na kufua,
sikufua dafu.

Casimir Tarkowski, wa katikati ya mstari.
Kazi yake: kuinama,
kupitisha mpira katikati ya miguu,
na kabla hajainua uso, kugongwa.
Mara sitini kwa mchezo mmoja.
Gazeti lilipompiga picha Dewitt
lilimkata Casimir,
likabakiza mkono.

Fainali ilichezwa ndani ya theluji.
Nilikuwa nimemimina chai
dari likaanza kutetema,
vumbi la miaka arobaini likaniangukia kikombeni,
na hivyo ndivyo nilivyojua.
Pointi moja. Moja tu.
Jezi zililetwa zimeganda barafu;
nilipoziweka sakafuni zilisimama zenyewe,
watu ishirini na wawili wasio na vichwa,
nami nikazipigia makofi, peke yangu, kama mwehu.

Siku ile Hruska aligawa mikate bure.
Kesho yake akarudisha bei.

Miaka thelathini na mmoja.
Ezell anauza bima, kanenepa.
Dewitt kazikwa; vidole vile, mkewe aliniambia,
havikunyooka tena.
Kila Jumanne hupanda basi kwenda nyumba ya wagonjwa
kwa Casimir.
Nguo zake nafua mimi. Wale huzichanganya.

"Pete hii ya nani?" huniuliza.
Yako.
"Kwani tulishinda?"
Kwa pointi moja, Casimir.
Basi macho yake hujaa, hupiga paja kofi,
hunishika mkono mpaka unauma,
na kila Jumanne ndiyo mara yake ya kwanza.
Kuna watu waliobaki na ushindi mmoja, uliochakaa.
Yeye anao hamsini kwa mwaka.

Wiki iliyopita, bila neno,
alishuka kitini,
akainama juu ya zulia, miguu kaitanua,
mikono yote miwili juu ya kandambili
akangoja.
Shingo ile. Ningeitambua popote.
Alikuwa akingoja sauti nyuma yake, ile ya kuhesabu.

Nami ambaye sikuwahi kukanyaga nyasi zile
nikasimama mahali pa Dewitt.
Moja, nikasema.
Mbili.
Nilihesabu taratibu sana,
na ya tatu sikuitaja.