Kasa Robo

Baba alisema kasa, hakusema kasoro.
Saa tatu kasa robo, alisema, akipanda ngazi ya mbao
pale stesheni ya Kigoma, kitambaa cha mafuta begani,
kuitia ufunguo saa kubwa, kila Jumatatu.

Nilikuwa na miaka sita. Kasa nilimjua kwa picha tu,
kwenye kalenda ya duka la Feruzi, Ujiji:
mnyama wa maji ya chumvi, makasia badala ya miguu.
Ziwani kwetu hayupo. Kwetu kuna kobe maji,
anayekula chambo cha watu pale Kibirizi
akawaachia matusi.

Basi nikaamini kuna kasa mmoja
aliyepanda garimoshi Dar, akashuka mwisho wa reli,
akaonja ziwa, halina chumvi,
akaingia kwenye saa.
Humo anaishi. Kila saa inapotaka kutimia
hutoka polepole, akang'ata robo yake,
akarudi nayo gizani.
Ndiyo maana treni haifiki.

Mama alicheka hadi akakaa chini.
Yeye Muha wa Kasulu, elimu yake iko kwenye matuta.
Akanishika mkono, akageuza jani la tembele:
"Huyu naye kobe."
Mdudu, mdogo kuliko punje ya hindi,
gamba limemfunika hadi nyayo,
na linang'aa dhahabu, dhahabu kweli,
kama ile pete aliyoiuza mwaka wa njaa.
Nikamfungia kwenye kiberiti.
Asubuhi nilikuta kitu cha kahawia.
Amekufa, na dhahabu ameondoka nayo.

Spesioza, jirani aliyevuka kutoka Rumonge na cherehani,
alisema kwao kobe ni akanyamasyo,
akalitamka taratibu, silabi kwa silabi,
neno lenyewe likitembea.
Na yule mdudu, je?
"Yule? Yule anamaliza viazi."

Mwaka ule kila kilichojifunika tulikiita kobe:
sufuria iliyofudikizwa,
Folksi ya padri isiyowaka mpaka isukumwe,
na Gwimo wa darasa la tatu, ambaye akiulizwa hesabu
huingiza shingo kwenye kola ya shati
akatuachia macho.

Saa ya stesheni waliishusha.
Baba alibaki na ufunguo, ukaning'inia msumarini
karibu na kanzu yake ya Ijumaa.
Simu yangu huandika nane, nukta mbili, arobaini na tano.
Inajumlisha tu. Haijui
kuitaja saa ambayo haijafika
kisha kuirudisha nyuma kidogo, kwa adabu.

Sasa baba haongei sana.
Kiharusi kimemlaza upande, blanketi hadi kidevuni.
Jana nilimwuliza saa ngapi,
kumjaribu, kama daktari alivyoagiza.
Akatazama ukuta mtupu.
Shingo ikatoka polepole kwenye blanketi,
ngozi imekunjamana, macho makavu, mapevu.
"Kasa," alisema.

Nikangoja robo. Nikangoja hata dakika kumi.
Hakuongeza.

Nje, treni ya Tabora ikapiga honi,
ilitakiwa iwe imefika tangu juzi,
na upande mmoja wa mdomo wake
ukacheka.