Chungu Kimoja

Kaya, tulifunzwa kwa siku mbili pale Kisumu,
ni watu wanaopakua chungu kimoja.
Nikapewa kishikwambi, nikaingia Nyalenda
nikiruka mitaro.

"Jana mlikula mara ngapi?"
Pelesia Ogutu akatazama mlango wa jirani. Uko wazi.
"Tatu," akasema, kwa sauti ya kusikika huko.
Kisha akaniinamia: "Andika moja."
Nikaandika moja.
Jikoni majivu yalikuwa ya juzi.

Nikavuka lami. Hatua arobaini, nilizihesabu,
si ndiyo kazi yangu?
Milimani nyasi hunyweshwa maji yale yale
anayoyanunua Pelesia kwa mtungi.
Mwenye nyumba hayupo. Aliyefungua geti ni Wafubwa,
bawabu, mtu wa Webuye,
koti la kampuni limemzidi mabega.
"Wewe unakula na hawa?"
Akacheka mpaka akakohoa.
Akanionyesha, kibandani, sufuria isiyo na mkono,
sukuma wiki imekaukia ukingoni.

Basi ua mmoja, kaya mbili.
Kishikwambi kikakataa:
nyumba hii imesajiliwa kaya moja.
Nikajaribu tena. Kikakataa.
Wafubwa akasema, "Acha tu, kijana, jua linawaka."

Baadaye asilimia zikatoka,
safi kama sahani za wageni.
Nyalenda, wengi. Milimani, sifuri.
Nikaitafuta ile sufuria katika ile sifuri.

Malipo yetu ya siku kumi na mbili bado.
Anayetaka kujua leo nimekula mara ngapi
aningoje kwanza nichungulie
mlango wa jirani.