Paneli Namba Tatu

Hapa Pongwe vumbi la chokaa halibishi hodi.
Linaingia kwenye chai, kwenye kope,
kwenye tundu la kufuli la stoo ya Sekiete,
na unyevu wa chumvi ukipanda kutoka mjini
vinakutana ndani ya paneli namba tatu
kama watu waliopeana miadi.

Kwa siku kumi na tisa mkanda ulisimama ulipotaka.
Saa nane usiku. Saa nne asubuhi.
Mara katikati ya kupokezana zamu,
wengine wameshavua kofia.
Tanuru linabaki na njaa,
nami nafungua mlango, nakuta taa zote za kijani,
zote zinanitazama
kama watoto walioiba sukari.

Nikasema: ni hizi relei.
Nikalisema mkutanoni, kwa sauti:
mmenunua kwa bei ya maandazi.
Nikapasua mbili juu ya meza ya mhasibu,
nikatandaza matumbo yake kwenye karatasi nyeupe.
Hii ncha zake ni fedha. Hii imepakwa tu, kwangua kwa ukucha.
Springi hii inarudi. Hii inafikiri kwanza.
Sekiete hakujibu. Aliandika.
Nikapewa saini, nikapewa fungu.

Nilichagua kama anayechagua mkwe:
sikuuliza sura, niliuliza ukoo.
Anavumilia joto gani.
Atafunga na kufungua mara ngapi kabla hajachoka.
Na siku akifa,
atakufa ameuachia mzigo, au ameushikilia?
Swali hilo lilinichelewesha wiki nzima.
Kwa mashine, kufa vizuri ni sehemu ya tabia njema.

Zikaja kutoka Dar, zikafungwa Jumanne.
Jumatano mkanda ukasimama.

Hoza, kijana wa Lushoto
anayeshika bisibisi kama kalamu,
akasema, "Da Mwanamvua, niruhusu nivute."
Akavuta waya mmoja mmoja, taratibu,
kama unavyojaribu jino la mtoto.
Thelathini na tisa. Arobaini.
Wa arobaini na moja ukamfuata mkononi,
mzima, safi, bila ubishi.

Skrubu ilikuwa imekaza. Imekaza ngozi.
Imebana plastiki nyekundu,
na shaba ikawa inagusa kwa kuazima:
mota ikitikisika, inaachia;
mota ikitulia, inarudi mahali pake
kabla sijafika na mita yangu.

Terminali hiyo ni ya bei. Niliiagiza mwenyewe.
Na lebo ya waya ina mwandiko wangu,
mkia wa moja umepinda:
tarehe tisa Machi, simu imebanwa begani,
dada yuko Bombo, wodini,
nami namwambia nakuja, nakuja,
namalizia waya mmoja.

Hoza hakusema kitu.
Akamenya upya, milimita nane,
akavisha kikofia cha shaba, akabana, akavuta.
Kisha akanipisha nivute na mimi.

Nilimkuta Sekiete akihesabu glavu.
Nikamwambia yote.
Akahesabu mpaka mwisho, ndipo akasema,
"Basi zile mbili ulizopasua, andika jina lako."
Nikaandika.

Ndani ya mlango wa paneli, kwa penseli,
mahali ambapo wakaguzi hawainami, nimeacha haya:

*Usilaumu dukani, shika waya kwa mkono,*
*Uvute uone ndani, shaba ibanwe na meno,*
*Bei haijui fani, wala haina agano,*
*Ya ghali iliyo duni, ni ya fundi wa maneno.*

Relei mpya zinafanya kazi. Za zamani pia zingefanya,
labda hadi masika, labda zaidi; sitajua tena.

Dada alipona.
Huwa ananiuliza kwa nini siku hizi
akinipigia mchana
anapokea mlinzi wa getini.