Uko Wapi Hasa?

Krosi ilikatika saa nne kasoro, usiku hauna mwezi.
Propela ikaanguka, ikapiga lami mara tatu
kama mgeni anayebisha hodi nyumba siyo.
Fuso ikajivuta kidogo kwa kiburi cha mteremko,
kisha ikanyamaza.
Juu ya magunia arobaini ya dagaa
Ndaki akainua kichwa:
"Tumefika?"

Pembetatu yangu ya kuakisi
niliiazimisha Lamadi mwezi wa tatu, mpaka leo.
Basi nikakata matawi ya mnyaa,
nikayapanga barabarani, hatua thelathini nyuma, hatua thelathini mbele,
utomvu ukininata vidoleni,
nikijikumbusha: usishike macho, usishike macho.

Nyuma ya kadi ya bima kuna namba.
*Msaada Barabarani, Saa 24.*
Ulipigwa muziki, nikausikiliza mpaka shilingi mia nane zikaisha,
nikakopa salio, nikapiga tena.
Sauti ya binti, laini, yenye kiyoyozi nyuma yake:
"Uko wapi hasa?"
Nimetoka Magu, sijafika Nyanguge.
"Mtaa gani?"
Dada, huku hakuna mtaa. Kuna jiwe kubwa
limekaa juu ya jingine kama mtoto mgongoni.
Kushoto choroko. Upepo wa ziwa unatokea kulia.
"Kwa hiyo uko ziwani?"
Ningekuwa ziwani ningempigia mwingine.
"Basi tutumie ramani kwa simu."
Simu yangu ni kitochi, dada.
Inajua kuwaka na kuzimika.
Akasema nisubiri.
Hapo ndipo nilipoielewa ile ishirini na nne:
si muda wa kazi yao,
ni muda wa kukaa kwangu.

Basi la Musoma likapita likatutukana kwa honi.
Mzee mmoja akasimamisha Noah, akashuka, akazunguka gari,
akainama uvunguni, akaguna,
akauliza dagaa tunauzaje.

Ndaki hakusema neno.
Alimpigia mama muuza chai wa stendi ya Nyanguge,
mama akaenda kugonga dirisha la Lushinge,
na Lushinge, kabla sijamaliza salamu:
"Pale kwenye jiwe?"
Pale.
"Nakuja."

Alikuja saa saba na Bedford yenye jicho moja,
kreni ameichomelea mwenyewe kwa vyuma vya pantoni iliyokufa,
koti la mvua na wala hainyeshi.
Laki mbili, akasema.
Laki, nikasema.
Tukaachana na hesabu kwenye laki na nusu na kisado cha dagaa,
akaonja mmoja palepale, akatema mchanga,
akalala chali chini ya gari langu
kama amefika kwake.

Kuvutwa kuna aibu yake.
Usukani ni wako, barabara ni ya mwenzako;
unakanyaga breki kwa mazoea tu,
unatazama mnyororo ukikaza, ukilegea,
na mgongo wa mtu anayejua unapokwenda.

Hatujafika nusu kilomita, akasimama.
Akashuka. Nikadhani anataka kuongeza bei.
"Majani mmeyatoa?"
Tukatazamana na Ndaki.
Lushinge akaturudia gizani kwa miguu, mzee wa watu, na tochi yake,
tukamsikia akiyaburuta tawi kwa tawi mpaka mtaroni.
Aliporudi alikuwa anahema.
"Yakibaki, mtu atasimama usiku kucha
kwa gari ambalo halipo.
Siku nyingine ataona majani, apite tu."
Akapangusa mikono kwenye koti. Akawasha.

Saa tatu asubuhi, Nyakato, kwa mafundi,
nzi wameshapata habari za dagaa,
simu ikaita. Yule binti, au dada yake:
"Gari letu limefika Nyanguge, halikuoni.
Uko wapi hasa?"
Nikamwambia mwambie dereva
aende mpaka pale kwenye jiwe,
atazame mtaroni.
Akauliza jiwe gani.