Herufi Mbili kwa Jina la Baba

Pesa niliyoweka inatosha lugha moja.
Miezi sita, jioni tatu kwa juma,
na daftari, na kalamu,
na taa ya kuchaji kwa siku umeme unapotusahau.

Numbi, mdogo wangu, anasema: Kichina.
Yeye hupima malori ya madini kwenye mizani,
ameshajua kuhesabu hadi elfu na kuomba radhi.
"Jifunze lugha ya anayelipa," anasema.
Mama Kabwiz wa jirani anasema: Kiingereza.
Kasumbalesa si mbali, mtu anavuka mpaka kwa miguu,
lakini bei zinavuka kwa ulimi.
Wote wana haki. Nimewapikia chai,
nimewaitikia kwa kichwa.

Si kwamba sina ndimi.
Kiluba nilikinyonya.
Kiswahili nilikiokota Katuba, kwenye foleni ya bomba,
kikiwa bado na matope.
Kifaransa niliingizwa kwa rula;
hadi leo nikikosea jinsia ya meza
vidole vinajikunja vyenyewe.
Kibemba cha kununulia samaki wakavu,
Lingala cha kunyamazia mbele ya bunduki.
Kila moja ilikuja na sababu yake mkononi,
ikabisha hodi, ikaingia kabla sijajibu.

Hii ndiyo ya kwanza ninayoichagua.
Nimechagua Kigiriki.

Numbi alicheka hadi chai ikamtoka puani.
"Kigiriki! Iko ya kazi gani?
Wagiriki wenyewe walibaki wangapi Lubumbashi hii?"

Nikafungua sanduku la bati.

Baba alichoma mikate miaka ishirini na sita
kwa Lefteri, karibu na reli.
Asubuhi ya uporaji Lefteri aliondoka
na shati moja, viatu bila soksi.
Hakumwachia baba ufunguo, wala hela.
Alimwachia daftari hili lenye harufu ya hamira,
akasema kwa Kiswahili chake cha unga-unga:
"Banza, yote imeandikwa mule."

Baba alikufa hajui ni yote gani.
Mimi tangu nina miaka kumi nalitafuta jina lake humo,
nikiifuata B ukurasa kwa ukurasa,
na kila B ilikuwa ya mtu mwingine.

Mwezi uliopita, mzee mmoja muuza vipuri,
Mgiriki wa mwisho mtaani kwake,
aliniambia kama anayeniuzia boliti:
"B yetu inasomeka V, mama.
Tukitaka B yenu tunaandika mbili, M halafu P."

Nilirudi nyumbani mbio, na umri huu.
Baba alikuwa kila ukurasa.
M na P, M na P,
nyayo za mtu anayetembea
kutoka Januari hadi Desemba bila likizo.
Mbele yake, namba.
Mbele ya namba, neno lile lile,
linaanza na herufi kama X.
Utotoni nilidhani ni alama ya kufuta.

Muuza vipuri alikuwa amesahau miwani.
Alisema tu: ni neno la deni.
Lakini la nani, hilo liko mwishoni mwa neno,
na mwisho wa neno umefifia kwa mafuta ya vidole.
Sisi tofauti tunaiweka kichwani:
nadaiwa, anadaiwa.
Wao wanaiweka mkiani, irabu moja, mbili.
Katikati ya irabu hizo, baba yangu
ama ni mwizi wa unga
ama ni mtu aliyedhulumiwa jasho la miaka ishirini na sita.

Numbi hakucheka tena.
Alivuta daftari hadi kwenye mwanga,
akafuata kwa kucha namba za ukurasa wa mwisho,
akizitaja chini chini, kwa Kichina,
kama asiyetaka baba asikie jumla.

Mke wa muuza vipuri anafundisha mezani kwake,
wanafunzi wanne, naanza Jumatatu.
Somo la kwanza, kasema, ni salamu.
Sawa. Nitasalimu.
Nitauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua,
nitasubiri kwa adabu
hadi tufike kwenye vitenzi.