Safu ya Maoni

Muhula wa kwanza niliandika kwa wino mwekundu:
"Somoe Nampunju. Mvivu. Hulala darasani."
Nikapiga muhuri. Nikajiona mwalimu.

Machi, Kitangari. Pesa ya korosho ilishakata tangu Januari,
mihogo ardhini bado vidole.
Somoe alikuja na sweta, jua likiwaka,
akasoma sentensi moja mara tatu
kama apapasaye mlango gizani.
Saba mara nane? nikamuuliza.
Akaitazama midomo yangu, si ubao.

Mpishi wetu, Bi Asumini, fomu za afya hazijui.
Alinivuta jikoni, mwiko bado mkononi:
"Kidonda chake cha ugokoni kina mwezi wa pili, mwalimu.
Nywele zimepauka, zinatoka na kitana.
Hasira karibu, machozi karibu.
Na chaki zako,
unadhani zinaliwa na panya?"

Nilirudi ofisini nikahesabu vipande vya chaki.

Siku hizi sisemi "amka" kabla sijagusa vidole.
Vikiwa baridi, namtuma mtoto jikoni
akaniletee kifutio.
Bi Asumini anajua: kifutio ni bakuli,
na bakuli haliulizwi limekawia wapi.
Darasa zima linajua pia, nadhani.
Hakuna aliyecheka bado.

Ila ripoti ile ilishakwenda nyumbani.
Nasikia mama yake, asiyejua kusoma,
ameibandika ukutani, juu ya kitanda,
kwa kuupenda muhuri.