Kiki

Mara ya kwanza nililisikia kwa fundi Mwinjuma,
gereji ya Tandika, chini ya turubai lenye matundu.
Pikipiki yangu imelala kwenye umande usiku kucha,
betri imekufa, stata haiitiki.
"Ipige kiki," anasema, kikombe cha chai mkononi.
Mguu unashuka. Unashuka tena.
Mara ya tatu chuma kinakohoa, kinakumbuka kazi yake.
Nikajua hivyo: kiki ni teke
la kuamsha kilicholala.

Kisha neno likahamia Sinza, likajipaka manukato,
likarudi halinijui.
Sasa kiki ni msanii kuvishwa pete Jumatatu,
Alhamisi anaitupa, kamera zikiwa zimeshawashwa.
Kiki ni bwana harusi kuingia Mbagala juu ya greda.
Kiki ni jeneza katikati ya Mtaa wa Kongo,
watu wamejishika vichwa, mmoja kashaanza kulia,
kifuniko kinafunguliwa: mashuka,
mawili kwa bei ya moja, ofa mpaka saa kumi.
Nilinunua. Yapo kitandani hadi leo.

Mama yangu alishona magauni Magomeni,
na maneno aliyaweka kama vifungo, kila kimoja na tundu lake.
Mbwembwe, alisema, ni za mpiga ngoma
anayerusha fimbo juu na bado hapotezi mdundo.
Kioja ni kile kinachokusimamisha njiani
ukasahau ulitumwa chumvi.
Kituko unakicheka, halafu unamwonea aibu mwenyewe.
Kiki hakuwa nayo.
Angeishona wapi?

Jirani yetu bondeni, Kigogo, ni Tausi wa vitumbua.
Kila Ijumaa alfajiri sauti yake inapasua vyumba:
"Leo mwisho! Naacha biashara! Narudi kwetu Kilwa!"
Nasi tunatoka na mabakuli, tunacheka,
"Kiki hizo, Tausi,"
naye anacheka, anageuza kitumbua kwa njiti,
Ijumaa ijayo anaacha biashara tena.

Masika yaliyopita, saa nane usiku,
sauti ni ile ile:
"Maji! Jamani, maji yameingia!"
Nikageukia ukutani.
Chumba cha pili mtu akasema, "Tausi na kiki zake,"
na nyumba nzima ikacheka kwa usingizi.
Kuna aliyefungua dirisha
akatoa mkono, mkononi simu,
akarekodi giza.

Hakufa mtu, nisije nikaongopa.
Yalikwenda magunia mawili ya mchele, na kikaango,
na cheti cha darasa la saba cha mwanawe, Shomari,
tulichokiona asubuhi kimenata kwenye mti wa mpapai,
jina limeyeyuka, muhuri umebaki.

Siku hizi Tausi anauza kimya.
Tunatoka wenyewe, tunaulizana kama yupo,
hatuombi tena kupunguziwa, na chenji tunamwachia.
Jana nilimwambia, "Ita basi, Tausi. Tumezoea."
Akamimina mafuta, hakuniangalia.
"Niite nini," akasema,
"ambacho hamjakipa jina?"

Nikaondoka na vitumbua vyangu, moto kwenye gazeti.
Pikipiki imelala kwenye umande.
Nimeweka mguu juu ya kiki,
nakanyaga,
nakanyaga,
chuma kinakohoa tu.